Windows 10 imezikwa, EliteBook G3 na G4 zimejaa mjini: mbunifu anahamia wapi bila Photoshop na Corel?

Kalamu ya Waya #1
Wakuu salaam.

Microsoft walisitisha apdeti za bure za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Sasa tazama mashine zilizo mezani kwa wabunifu wengi wa mtaani: EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, ThinkPad T470 ni humohumo. Zote nje. Wanaovuka ni G5 na T480 kwenda juu.

Hoja yangu ni kwamba mashine hizo hazina ubovu wowote. Piga Linux Mint (mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows), weka GIMP na Krita za picha, Inkscape ya michoro, Scribus ya kupanga kurasa na Kdenlive ya video, kazi iendelee. Wanaosema haiwezekani wengi ni uvivu wa kujifunza vitufe vipya. Mwenye hoja tofauti alete kazi mahususi inayoshindikana, asilete hisia.

Naomba kuwasilisha.

siti_ya_mbele #2
Huu uzi utafika kurasa kumi. Nimeshakaa.

Fundi Bango #3
Unataka kazi inayoshindikana? Chukua ya kila siku. Mteja anakuja na faili la CDR la bango la mita 3 kwa 1, limetengenezwa kwa Corel ya toleo ambalo hata yeye halijui. Inkscape inalifungua kwa maktaba ya libcdr, ni kweli, ila kinachofunguka ni mifupa: vivuli na uwazi vinabadilika au vinayeyuka, maandishi yanaruka mstari kwa sababu fonti haipo. Mteja kasimama mlangoni, utamwambia akalete PDF?

Bango likiisha linaingia kwenye RIP, programu inayogeuza faili kuwa amri za mashine ya kuchapa. RIP nyingi zinazokuja na mashine za mabango ni za Windows tu, na leseni iko kwenye kiflashi kinachochomekwa USB. Hapo Mint yako inabaki nje inapiga hodi.

Bi Vekta #4
Fundi kasema kweli, ila kachanganya kompyuta mbili. Ya RIP iache na Windows yake, ichomoe intaneti, ipokee PDF kwa flashi au kwa folda ya mtandao wa ndani. Haihitaji Photoshop wala apdeti. Swali la uzi huu ni kompyuta ya kubunia.

Kuhusu CDR, dawa inanywewa kabla ya kuhama. Corel ingali inawaka, toa nakala mbili za kila kazi: PDF yenye maandishi yaliyogeuzwa maumbo (ya kuchapa) na SVG yenye maandishi hai (ya kurekebisha baadaye). Ndani ya Corel kuna makro iitwayo File Converter inayogeuza folda nzima kwa mkupuo mmoja.

Halafu fonti. Wengi wanakopi C:\Windows\Fonts wanadhani wamemaliza. Fonti ulizoweka kwa mtumiaji mmoja ziko kwingine kabisa: AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts. Zote zipeleke kwenye ~/.local/share/fonts, kisha

`fc-cache -f`

Zile za Adobe Fonts hazihami, zinakufa na usajili wako. Kazi zilizotumia fonti hizo zigeuze maumbo mapema.

Kalamu ya Waya #5
Asante Bi Vekta. Fundi, umesikia?

Fundi Bango #6
Nimesikia, ila sijasikia habari ya rangi. Inkscape inatoa PDF ya RGB, rangi za skrini. Weusi wa RGB ukigeuzwa CMYK, rangi za wino wa kuchapa, unatoka kwa wino zote nne. Kadi ya harusi yenye herufi za pointi 7, sahani za kuchapa zikipishana kidogo tu, kila herufi inapata ukingo mwekundu upande huu na wa bluu upande ule. Bwana harusi atakuelewa?

Bi Vekta #7
Kwa hiyo faili la Inkscape halipelekwi kiwandani lilivyo. Linapitia Scribus:

Hifadhi SVG. Ndani ya Scribus fungua ukurasa wa kipimo halisi, weka milimita 3 za kukatia kila upande, kisha File, Import, Get Vector File. Nenda Edit, Colors and Fills. Kila rangi iliyoingia na SVG itaonekana pale kama RGB. Ibadilishe moja moja kuwa CMYK. Nyeusi ya maandishi iwe 0, 0, 0, 100. Nyeusi ya eneo pana, tuseme mandhari ya bango, weka 60, 40, 40, 100, itoke nzito. Usiichanganye na ile ya maandishi. Washa Color Management, chagua profaili ya rangi ambayo kiwanda chako kinatumia, toa PDF/X-1a au X-3 (PDF za kiwandani).

Kabla ya kutuma, pima:

`gs -o - -sDEVICE=inkcov kadi.pdf`

Inakutolea namba nne kwa kila ukurasa: C, M, Y, K. Ukurasa wa maandishi meusi matupu lazima usome 0.00000 kwenye tatu za kwanza. Ukiona namba hapo, kuna nyeusi imekuponyoka. Rudi Scribus uisake.

Ukichoka na mzunguko huu kwa kazi za picha, Krita inafanya kazi ndani ya CMYK moja kwa moja kwa profaili za ICC. Tatizo lake ni maandishi, zana zake za aya ni dhaifu. Picha fanyia Krita, maneno yapangie Scribus.

siti_ya_mbele #8
Kadi ya harusi inapita programu tatu kama barua ya serikali.

TPM Haina Kazi #9
Mnajitesa bure. Rufus ipo, programu ya kutengeneza flashi ya kuwekea Windows. Pakua ISO ya Windows 11, ifungue kwa Rufus, bonyeza START, kitatokea kidirisha chenye tiki ya kuondoa masharti ya RAM, Secure Boot na TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha 6 inawaka Windows 11 na Photoshop juu. Kuanzia Rufus 4.6 unaweza hata kupandisha juu ya Windows 10 iliyopo bila kufuta kitu, unaendesha setup.exe ya flashi uliyotengeneza. Shida yote ni hiyo TPM, mkishairuka mmemaliza.

Ubao Mama #10
Tuweke sawa hapo #9. G4 ina TPM 2.0 ndani. G3 inakuja na chipu ya TPM pia, nyingi ziko 1.2, na HP walitoa firmware ya kuipandisha hadi 2.0. Andika tpm.msc, angalia Specification Version. Kinachozikataa mashine hizi ni orodha ya prosesa, si chipu.

Mambo mawili ya kujua ukiruka ukuta. Kwanza, Microsoft wamesema wazi mashine isiyotimiza masharti haina haki ya apdeti. Za usalama za kila mwezi zinaingia, ila toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Unarudia zoezi la ISO na Rufus kila mara. Pili, kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 prosesa lazima iwe na maagizo ya POPCNT na SSE4.2. Core i zote zinayo, ila Core 2 Duo haitawaka hata ukiisomea dua.

Mhasibu wa Pixel #11
Na asiyetaka kuhama leo ana muda. Kuna ESU inayorefusha apdeti za usalama za Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Ni dola 30 tu.

Ubao Mama #12
Dola 30 ni njia moja kati ya tatu. Ukiruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, ni bure. Ukiwa na pointi 1,000 za Microsoft Rewards, bure pia. Sharti la wote: mashine iwe kwenye toleo la 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft, hata anayelipa. Leseni moja inabeba hadi mashine 10 za akaunti hiyo, kwa hiyo ofisi ndogo inagawana. Ingia Settings, Windows Update, utaona neno Enroll.

TPM Haina Kazi #13
Au weka Windows 10 IoT Enterprise LTSC 2021, toleo la muda mrefu la mashine maalumu, ina apdeti mpaka Januari 2032. Mnalala usingizi.

Mhasibu wa Pixel #14
LTSC 2021 imesimama kwenye 21H2. Matoleo mapya ya Adobe yanadai 22H2. Utakuwa na mfumo wenye apdeti mpaka 2032 na Photoshop iliyoganda njiani. Pia leseni yake haiuzwi dukani kwa mtu mmoja mmoja, inauzwa kwa watengeneza mashine. Hizo funguo za bei ya soda mtandaoni zinatoka wapi, jibu unalo.

Mkata Video #15
Nyie wa kadi za harusi mna nafuu. Sisi wa video Linux inatufaa kabisa, DaVinci Resolve ipo, bure, ya Linux, hakuna Wine (ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux) wala nini. Premiere ya nini?

Kodeki Kali #16
Polepole mkuu, utawaingiza watu shimoni. Resolve ya bure kwenye Linux haisomi H.264 wala H.265, mifumo ya kubania video. Video ya simu, ya kamera za Canon na Sony za kawaida, ya droni, zote ni hizo. Unaburuta klipu kwenye mstari wa muda unapata sauti bila picha, au picha nyeusi bila sauti, maana AAC ya sauti nayo ni kikwazo. Toleo la Studio la dola 295 ndilo lenye H.264 na H.265.

Asiye na dola 295 anageuza kwanza kuwa DNxHR, aina ya video ambayo Resolve inaisoma:

`ffmpeg -i klipu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le klipu.mov`

Sasa piga hesabu ya diski. DNxHR HQ ya 1080p kwa fremu 25 ni takriban megabiti 185 kwa sekunde. Hiyo ni kama GB 1.4 kwa dakika, GB 83 kwa saa. Harusi ya kamera mbili za saa nne kila moja inakula zaidi ya GB 650. Ukitumia dnxhr_lb inashuka hadi megabiti 36 hivi, GB 16 kwa saa, ila hiyo ni ya kukatia tu. Mwishoni unarudisha faili za HQ.

Na hayo yote yanakuja baada ya Resolve kuwaka. G3 na G4 nyingi zina Intel HD 520 au 620 tupu. Resolve ya Linux inataka kadi ya NVIDIA yenye draiva rasmi, au AMD yenye OpenCL inayoeleweka. Kwa HD 620 utaishia kuangalia nembo.

Mkata Video #17
Mimi niliandika "ipo". Sikuandika kwamba inawaka kwenye G3.

siti_ya_mbele #18
😂😂 Wakili huyu.

Kodeki Kali #19
Mwenye NVIDIA anayetaka kujaribu: Blackmagic wanaitengeneza kwa ajili ya Rocky Linux. Kwenye Fedora na nyinginezo mpya kifungashio kinalalamika maktaba hazipo, unakiendesha hivi:

`sudo SKIP_PACKAGE_CHECK=1 ./DaVinci_Resolve_..._Linux.run`

Ikikataa kuwaka baada ya hapo, mara nyingi inagombana na glib ya zamani iliyokuja nayo. Ingia /opt/resolve/libs, tengeneza folda pembeni, hamishia humo libglib, libgio na libgmodule. Mfumo utatumia zake. Ukiapdeti Resolve zinarudi, unahamisha tena.

Kwa mwenye HD 620, Kdenlive yenye proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kukatia. Washa Proxy clips kwenye Project Settings kabla hujaingiza klipu hata moja. Ukiwasha katikati ya kazi zile za mwanzo hazitengenezewi zenyewe, utashangaa mstari wa muda unakwama nusu na kukimbia nusu.

Beatmaker254 #20
Sasa wadau. Nyinyi mnaongea graphics na video tu, na sisi wa muziki? FL Studio haina toleo la Linux, na hiyo ndiyo beat nyingi za hapa Nairobi zinatengenezwa nayo.

Sauti ya Pwani #21
Karibu bosi. FL Studio inawaka kwa Wine, tena vizuri kuliko Adobe. Kifungashio chake hakina makuu. Kinachosumbua ni plagini, yaani ala na vionjo vya nyongeza.

Njia nyingine ni kuhamia programu yenye toleo halisi la Linux, Reaper (leseni nafuu dola 60), Bitwig au Ardour, kisha plagini za Windows uzipitishe kwa yabridge, daraja linaloziendesha kwa Wine:

`yabridgectl add "$HOME/.wine/drive_c/Program Files/Common Files/VST3"`
`yabridgectl sync`

Angalia toleo la Wine. Kuanzia 9.22, yabridge 5.1 inapata ugonjwa: unabofya kitufe, kinachobonyezwa ni cha pembeni, kana kwamba dirisha limesogea. Kaa kwenye 9.21 na uizuie isijiapdeti. Plagini zinazolindwa na leseni ya iLok zisahau. Zinazoamka leo kesho zimegoma.

Kuchelewa kwa sauti: PipeWire, mfumo wa sauti wa Linux, inakuja ikiwa na bafa kubwa ya kuangalia sinema. Anzisha Reaper hivi:

`PIPEWIRE_LATENCY=128/48000 reaper`

Hiyo ni milisekunde 2.7 kwa mzunguko mmoja. Ikianza kukwaruza panda 256. Jiweke kwenye kundi la audio na ruhusu rtprio 95 (kipaumbele cha sauti kwenye prosesa), la sivyo hata 512 itakwaruza kila ukifungua kivinjari.

Beatmaker254 #22
Shukran. Hiyo ya mouse kubofya pembeni nilidhani ni laptop imezeeka.

Mdadisi Mkuu #23
Naomba niulize swali la kijinga. Adobe wana hela zote hizo. Kwa nini hawaleti Photoshop ya Linux tumalize?

Mhasibu wa Pixel #24
Soko. Watumiaji wa Linux mezani ni asilimia chache, na kati yao wabunifu ni wachache zaidi. Kuandaa toleo la tatu, kulijaribu na kulihudumia kila mwezi kunagharimu kuliko kitakachoingia.

Ubao Mama #25
Soko halitoshi kueleza. Autodesk wana Maya ya Linux, Foundry wana Nuke, SideFX wana Houdini. Soko lao ni dogo kuliko la Photoshop na wanaishi. Studio kubwa za filamu za kompyuta zinatumia Linux miaka yote. Mwaka 2003 Disney na studio nyingine mbili ziliwalipa CodeWeavers ili Photoshop 7 iwake kwa Wine, maana wachoraji wao walikuwa kwenye Linux na Adobe hawakuwapa toleo. Wateja wa kulipa walikuwepo.

Mhasibu wa Pixel #26
Studio tatu zikilipa mara moja ni mradi. Soko ni kitu kingine. Na hao wa Maya na Nuke wanauzia makampuni yenye mainjinia wao wa ndani, hayapigi simu kuuliza draiva. Adobe anauzia mwanafunzi na mwenye duka la picha.

Kodeki Kali #27
Mimi naona ni utitiri wa Linux zenyewe. Ubuntu hii, Fedora ile, Arch kila wiki, maktaba haziko sawa. Huyo msambazaji atapima kwenye ipi?

Bi Vekta #28
Umesahau #19 uliyoandika mwenyewe? Blackmagic wamechagua Rocky, wengine tunahangaika wenyewe na hatujawashtaki. Na Flatpak, kifungashio cha programu za Linux, inabeba maktaba zake. Hiyo sababu ilikuwa na nguvu zamani.

Kodeki Kali #29
#19 ndiyo ushahidi wangu. Mtu anahamisha libglib kwa mkono ndipo programu iwake, halafu unamuuzia kwa mwezi? Siku ya pili anadai hela yake.

Mzee wa Solaris #30
Vijana, Photoshop 3 ilikuwepo kwenye Unix, IRIX ya Silicon Graphics na Solaris ya Sun. Waliijenga na waliiacha. Na Corel walitoa CorelDRAW 9 ya Linux mwaka 2000, wakitumia Wine ndani yake, baada ya kutoa mpaka Linux yao wenyewe mwaka 1999. Ikafa. Kwa hiyo msiseme haiwezekani kiufundi, na msiseme hakuna aliyejaribu.

Nadhani sababu ni leseni. Creative Cloud ya Adobe ni rundo la huduma za nyuma ya pazia zinazokagua usajili na kulinda faili zake. Kwenye mfumo ambao mwenye mashine anaweza kubadilisha hadi kiini, ukaguzi huo unawatia wasiwasi.

TPM Haina Kazi #31
Wasiwasi gani mzee wangu wakati kwenye Windows kila kijiwe kina kraki?

Mzee wa Solaris #32
Kwenye Windows wamezoea hasara, kijana.

Ubao Mama #33
Kwa kuwa kraki imetajwa: wengi wanaolalamika kwamba "Wine haifungui Photoshop" wanajaribu kufungua iliyokrakiwa. Ile kraki inabadilisha DLL na kuzuia anwani kwenye faili la hosts la Windows, inategemea huduma ambazo Wine haina. Hata ya halali kifungashio cha Creative Cloud ndicho kinachogoma kwanza, kabla hujafika kwenye Photoshop yenyewe. Na kumbuka kwenye Wine mfumo wako wote wa faili, pamoja na folda yako ya nyumbani, unaonekana kama diski Z:. Kirusi kilicho ndani ya kraki kinaona kazi zako zote.

Mdadisi Mkuu #34
Basi nikiweka Windows ndani ya Linux?

Ubao Mama #35
Inategemea unachofungua. Photoshop ya kawaida au Corel ndani ya VirtualBox au virt-manager (programu za kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) inakubalika ukiwa na RAM GB 16, unaipa mashine ya ndani GB 8 na nyuzi 4. G3 na G4 zina nafasi mbili za DDR4, zinafika GB 32, ongeza kabla hujaanza kulaumu. Siku hizi kuna WinBoat, inaweka Windows ndani ya kontena na kukuonyesha dirisha la programu moja moja juu ya meza ya Linux. Inataka KVM iwe imewashwa kwenye BIOS, tafuta Virtualization Technology.

Kinachokosekana kote huko ni GPU, kadi ya picha. Premiere na After Effects zitatambaa. Vichujio vya Photoshop vinavyotegemea GPU vitafifia rangi kwenye menyu. Kupitisha GPU nzima hadi Windows ya ndani kwa VFIO kunataka kadi ya pili, laptop za aina hii hazinayo.

Na Windows hiyo ya ndani nayo inataka leseni na apdeti, msijisahau.

Mkata Video #36
Kwa nini hamtaji Mac? Unanunua MacBook Pro ya 2017 mitumba, Adobe yote ipo, mchezo umeisha.

Kodeki Kali #37
Ya 2017 ni Intel. Apple walitangaza Juni 2025 kwamba macOS 26 Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Intel, na ya 2017 hata hiyo haipati rasmi. Unakimbia Windows iliyozikwa unahamia kwenye jeneza jipya zaidi. Ukitaka Mac anzia M1.

Kabla hujatoa hela, sharti muuzaji aifute mbele yako na kuianzisha upya ikiwa na intaneti. Ukiona skrini ya Remote Management, ni ya kampuni fulani huko Ulaya au Marekani, itakufungia siku yoyote. Ikiwa tayari imewashwa, angalia System Information, Hardware, mstari wa Activation Lock Status. Isome Disabled.

Kalamu ya Waya #38
Wakuu naona tumetoka kwenye mada. Bado hakuna aliyeleta kazi isiyowezekana kwa Linux, kilicholetwa ni kazi zenye usumbufu.

Fundi Bango #39
Mteja akisimama mlangoni, usumbufu na kutowezekana ni ndugu. Wewe mwenyewe unatumia nini kufungua PSD ya Photoshop yenye smart object (faili lililopachikwa ndani ya leya) na leya arobaini?

Kalamu ya Waya #40
Photopea ndani ya kivinjari. Inafungua PSD na smart object zake. Kwa marekebisho GIMP 3.0 iliyotoka Machi 2025, vichujio vinabaki hai juu ya leya, unarudi kuvibadilisha, si kama zamani kikishapigwa kimepigwa.

Bi Vekta #41
Photopea ni ya RGB, asiitumie kwa kazi ya kiwandani ya mwisho. Kwa kuchungulia PSD ya mteja na kutoa vipande, sawa.

Mhasibu wa Pixel #42
Wenye njia ya kati wagawanye diski, Windows na Linux pamoja. Ila kwa usalama:

Zima BitLocker (kufuli la diski la Windows) kwa muda kabla ya kugusa BIOS, na uandike ufunguo wake wa tarakimu 48 mahali ambapo si kwenye mashine hiyohiyo. Zima Fast Startup, ndani ya Command Prompt ya msimamizi andika `powercfg /h off`. Usipofanya hivyo Windows inalala badala ya kuzima, Linux inaikuta diski yake ya NTFS imefungwa nusu, inaisoma tu bila kuandika. Ndiyo maana watu wanalalamika "Linux imekataa kuhifadhi kazi". Saa ikipishana saa tatu kila ukibadilisha mfumo, kwa hapa kwetu ni hiyo tofauti ya UTC, maliza kwa

`timedatectl set-local-rtc 1`

Bora zaidi SSD mbili, kila mfumo na yake. 840 G3 ina nafasi ya M.2 na ya inchi 2.5, zote zinatumika kwa pamoja.

Mama Stika #43
Asanteni wote. Nina swali dogo kwa Bi Vekta. Mashine ya kukatia stika ile ya Kichina, kwenye Mint 21. Nachomeka USB, /dev/ttyUSB0 inatokea sekunde moja halafu inapotea. Kwenye Windows inakata vizuri.

Bi Vekta #44
Dada, hiyo ni chipu ya CH340 na mnyang'anyi wake anaitwa brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu kwa wasioona. Inadhani mashine yako ni kifaa chake. Kama hakuna anayetumia kifaa hicho hapo:

`sudo apt remove brltty`
`sudo usermod -aG dialout $USER`

Toka kwenye akaunti uingie tena, kuwasha dirisha jipya tu hakutoshi. Halafu ndani ya Inkscape, Extensions, Export, Plot. Serial port /dev/ttyUSB0, kasi 9600, lugha HPGL, resolution 1016 pande zote mbili. Maandishi yote yawe maumbo kwanza kwa Path, Object to Path, vinginevyo yanarukwa kimyakimya.

Mama Stika #45
Inakata sasa. Ila duara la sentimita 10 linatoka 9.8.

Fundi Bango #46
Kabla hujagusa namba, chora mraba wa sentimita 20 kwa kalamu badala ya kisu, pima kwa rula upana na urefu. Upungufu ukiwa sawa pande zote, gawa 20 kwa ulichopima, zidisha na 1016, weka jibu kwenye resolution. Ukiwa upande wa karatasi kusogea tu, hiyo si Inkscape wala Linux, kaza magurudumu ya kubania.

siti_ya_mbele #47
Fundi Bango kaanza kufundisha Linux. Picha iwekwe kwenye fremu.

Fundi Bango #48
Rula haina mfumo endeshi. RIP yangu bado iko Windows.